Darasa la Jumamosi pale Wandegeya: chora kwanza, kompyuta baadaye

Jumamosi iliyopita nimemaliza darasa la uchambuzi wa data pale Wandegeya, Kampala. Watu watatu wa kazini wameshanipigia simu kuuliza kama linastahili hela yao, basi naandika mara moja ili kila mtu asome. Jibu fupi: nendeni. Jibu refu ndilo hili, na humo nitasema pia yasiyonipendeza.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika kituo cha afya upande wa Arua. Rejista za kliniki ya wajawazito ziko mikononi mwangu mwaka wa saba sasa. Kiswahili nilikipata kwa mama, aliyekuwa akivuka mpaka kwenda sokoni Ariwara, Kongo, na kurudi na vitenge. Utafiti wangu wa shahada unauliza jambo ambalo nimelitazama miaka yote hiyo kupitia dirisha la ofisi: je, umbali wa nyumbani hadi kituoni unahusiana na idadi ya mara ambazo mama anahudhuria kliniki? Vigeu viwili tu, umbali na mahudhurio. Nilidhani ni kazi ya wiki moja.

Kabla ya darasa hili nilipotea njia, na ni vizuri niseme jinsi nilivyopotea kwa sababu najua wengi wamo humohumo. Nilimpelekea data yangu mtu mmoja mwenye kibanda cha kuchapa, anayetangaza kwamba anachambua utafiti. Alichukua shilingi 150,000 na baada ya siku mbili akanipa kurasa arobaini za majedwali. Nilizipeleka kwa msimamizi wangu nikiwa na furaha. Akafungua ukurasa wa sita, penye korelesheni (namba inayoonyesha vipimo viwili vinapanda au kushuka pamoja kiasi gani) kati ya dini ya mama na idadi ya mahudhurio. Kwenye hojaji yangu Wakatoliki nilikuwa nimewapa 1, Waanglikana 2, Waislamu 3, Walokole 4. Msimamizi akaniuliza kwa upole kabisa, "Ukiwapa Waislamu 1 na Wakatoliki 3, namba hii itabaki ilivyo?" Sikuwa na la kujibu. Nilibeba zile kurasa arobaini kwenye basi la kurudi Arua, nikavuka Karuma na Pakwach nikiwa nimezikumbatia, na moyoni nilijua sikuwa na utafiti wowote.

Darasa liko ghorofa ya pili, juu ya duka la fotokopi, unapanda ngazi za chuma za ubavuni. Ada ni shilingi 30,000 kila Jumamosi, kwa Jumamosi sita. Tulikuwa kumi na wanne: wawili kutoka Bunia, mmoja wa Yei, Sudani Kusini, Mkenya mmoja wa Busia, afande mmoja anayetoka Bombo na sare yake kwenye begi, waliobaki ni wa hapahapa Uganda. Lugha iliyotukusanya wote ni Kiswahili, na Mwalimu anafundisha kwa Kiswahili. Maandishi ya kwenye skrini ni ya Kiingereza, kwa hiyo kila neno anaandika mara mbili ubaoni. Mtu akikwama anaruhusiwa kuuliza kwa lugha yoyote na wenzake wanamtafsiria. Kwangu hilo peke yake lilitosha kulipia nauli. Nimekaa kwenye mihadhara ambamo kila mtu anaitikia kwa kichwa na hakuna aliyeelewa.

Jumamosi ya kwanza kompyuta hazikufunguliwa. Mwalimu alimwaga kadi mezani: umri, kijiji, dini, kilo za mtoto, kiwango cha elimu, umbali, ana simu au hana. Tukaambiwa tuzipange mafungu matatu. Fungu la majina tu, yasiyo na mkubwa wala mdogo, kama dini na kijiji. Fungu la ngazi, kama elimu: msingi, sekondari, chuo, ambapo unajua nani yuko juu lakini hujui kwa kiasi gani. Na fungu la vipimo halisi, kama kilo na kilomita. Tulibishana dakika ishirini juu ya kadi ya "namba ya chumba cha wodi", mpaka yule afande akasema namba ya chumba ni kama namba ya bunduki, huwezi kutafuta wastani wake. Hapo nikaona kosa langu la dini likiwa mezani mbele yangu, kubwa kama ng'ombe.

Baada ya mafungu ndipo akaonyesha kwamba aina za vigeu ndizo zinazochagua njia. Majina kwa majina, unatengeneza jedwali na kupima kwa kai-skwea. Majina kwa vipimo, unalinganisha wastani wa kila kundi: makundi mawili yana kipimo chao cha t, yakizidi mawili unatumia anova. Vipimo kwa vipimo, unachora nukta kisha unatafuta korelesheni. Ngazi zikiingia, au vipimo vikikataa kukaa kwenye mstari mnyoofu, kuna njia ya Spearman inayotumia nafasi za watu badala ya namba zao zenyewe. Nimesoma haya kwenye vitabu vinne, na hakuna kilichoanza na kadi mezani.

Jumamosi ya pili ndiyo ninayowasimulia watu. Alitugawa makundi manne, kila kundi karatasi moja yenye jozi kumi na moja za namba. Kazi: tafuta wastani wa x, wastani wa y, korelesheni, na mstari wa rigresheni, yaani mstari mnyoofu unaokaribia nukta zote kadiri inavyowezekana, kwa kikokotoo cha simu. Ilituchukua karibu saa nzima. Majibu yakaanza kuandikwa ubaoni. Kundi la kwanza: wastani wa x ni 9, wa y ni 7.50, korelesheni 0.82, mstari unaanzia 3 na kupanda nusu kila hatua. Kundi la pili: vilevile. La tatu: vilevile. Sisi wa nne: vilevile. Yule dada wa Busia akageuka nyuma akasema kuna watu wamenakili. Mwalimu hakujibu kitu, akagawa karatasi za mraba. "Sasa choreni."

Kundi la kwanza walipata nukta zilizotawanyika zikipanda polepole, kama unavyotarajia. La pili walipata upinde, unapanda halafu unaanza kushuka, na mstari mnyoofu hauna kazi pale. La tatu walikuwa na mstari safi kabisa, isipokuwa nukta moja iliyoruka juu peke yake na kuuvuta mstari mzima. Sisi tulichora nukta kumi zote zikiwa zimesimama wima juu ya 8, kama nguzo, na moja pekee imekaa mbali kwenye 19. Ukiifunika ile moja kwa kidole, uhusiano wote unatoweka. Namba nne sawasawa, picha nne zisizofanana hata kidogo. Namba hizo zilitungwa na mtaalamu wa takwimu Francis Anscombe mwaka 1973 kwa ajili ya somo hilohilo. Chumba kilinyamaza kiasi kwamba tulisikia makondakta wa taksi kule chini wakiita abiria wa Kawempe. Kidole changu kilikuwa bado kiko juu ya 19.

Jumamosi ya tatu umeme ulikatika saa nne asubuhi na haukurudi. Wengine walianza kukusanya mabegi. Mwalimu akafungua madirisha na kusema leo hata ungekuwepo tusingeuhitaji. Akaandika ubaoni mfano wa kubuni, na alisisitiza kwamba ni wa mazoezi tu: akina mama 100, kati yao 60 wanaishi karibu na kituo na 40 mbali. Wa karibu, 45 walihudhuria mara nne au zaidi. Wa mbali, 18. (Shirika la Afya Duniani lilishapandisha pendekezo hadi mara nane mwaka 2016, lakini rejista zetu nyingi bado zinahesabiwa kwa nne, na mfano uliniingia kwa sababu hiyo.)

Kwanza asilimia. Wa karibu, 75 katika mia. Wa mbali, 45 katika mia. Alituzuia hapo kwa muda mrefu: ni lazima ugawe kwa jumla ya kundi lako, wa karibu kwa 60 na wa mbali kwa 40, la sivyo unalinganisha vitu visivyolingana. Kisha akauliza: kama umbali haujalishi chochote, tungetarajia nini? Waliohudhuria wote ni 63 katika 100. Basi kati ya 60 wa karibu tungetarajia 37.8, na kati ya 40 wa mbali 25.2. Tulichoona kinapishana na tulichotarajia kwa 7.2 katika kila kisanduku cha jedwali: karibu na mbali, waliohudhuria na wasiohudhuria. Unazidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, unagawa kwa kilichotarajiwa, unajumlisha visanduku vinne: 9.27. Mpaka wa jedwali la mbili kwa mbili, kwa kiwango cha asilimia tano (yaani bahati tupu huuvuka mara tano tu katika mia), ni 3.84. Tumeuvuka mbali. Hesabu hiyo ndiyo kai-skwea ya Karl Pearson ya mwaka 1900, na tuliifanya kwa kalamu.

Lakini kilichonifungua ni kadi. Mwalimu alikuwa na kadi 100, 63 zimewekwa alama na 37 hazina. Ukizichanganya vizuri na kugawa 60 upande mmoja, umetengeneza dunia ambamo umbali hauna maana, ni bahati tupu. Tukachanganya, tukagawa, tukahesabu alama kwenye zile 60. Mara ya kwanza 37. Kisha 39, 36, 38. Tulirudia mara thelathini, watu wakipokezana, jasho likitutoka. Kubwa kuliko zote tuliyopata ilikuwa 42. Hata mara moja hatukufika 45. "Hiyo ndiyo p," akasema. "Ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta pengo kama hili au kubwa zaidi." Kwa mfano wetu ni kama mara 2 katika 1,000. Nimesikia neno hilo miaka mitatu chuoni, na siku hiyo ndiyo niliyolishika mkononi. Akaongeza upesi kwamba p haikuambii uhusiano una nguvu kiasi gani. Ukiwa na watu elfu hamsini, hata uhusiano mdogo sana utakupa p ndogo. Na kisanduku kikitarajiwa kuwa na watu chini ya watano, achana na kai-skwea, tumia kipimo cha Fisher. Hapa aliharakisha, na vipimo vya nguvu ya uhusiano kwenye majedwali, kama Cramér, vilipita kama boda. Nililazimika kuvisoma mwenyewe nyumbani kwa shangazi, Bwaise.

Jumamosi ya nne tulifungua kompyuta. Programu ni jamovi, ya bure, na Mwalimu anakuwekea kwenye flashi bila kukudai chochote. Ikishaingia kwenye laptopu inafanya kazi bila intaneti, jambo kubwa kwetu tunaorudi Arua. Nilichokipenda ni kwamba kila safu ya data ina alama yake ndogo: miduara mitatu ya majina, vijiti vya ngazi, rula ya vipimo halisi. Na pale unapochagua hesabu, kisanduku kinakuonyesha kinapokea alama ipi. Zile kadi za siku ya kwanza ziko pale pale kwenye skrini. Nilipoifungua data yangu, dini ilikuwa na rula. Nikaibadilisha mwenyewe kuwa miduara. Tatizo ni kwamba kompyuta za darasa ni tano kwa watu kumi na wanne. Kama huna yako utakaa unatazama bega la mwenzako.

Jumamosi ya tano alisimama dirishani na kuonyesha kilima cha Mulago, ambacho unakiona vizuri ukiwa upande ule wa chumba. Mwaka 1957, hospitalini pale, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye taya. Akawaona wengine. Akaanza kuuliza wagonjwa hawa wanatoka wapi na hawatoki wapi. Mwaka 1961 aliondoka Kampala kwa gari na madaktari wenzake wawili, safari ya takriban maili 10,000 hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali hadi hospitali wakiuliza na kuweka alama kwenye ramani. Mmoja wa wenzake alikuwa Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua. Kuluva! Nimepita geti lile mara zisizohesabika nikiwa juu ya boda, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Ramani ilionyesha kwamba ugonjwa huo, ambao ni saratani, unafuata joto na mvua, na unakosekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwalimu akauliza: kwa hiyo mvua inaleta saratani? Tukacheka, lakini alisubiri jibu. Mvua na joto vinahusiana na ugonjwa kwa sababu kuna vingine katikati. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake kule London walikuta kirusi kwenye chembe za uvimbe uliotumwa kutoka Kampala. Na malaria, inayopenda joto na mvua, nayo ina mkono wake. Uhusiano uliwaonyesha pa kuchimba. Jibu lenyewe lilitoka baada ya kuchimba.

Halafu akaleta utafiti wa Rakai, wilaya ya kusini mwa Uganda. Kwa miaka mingi watu waliona kwamba wanaume waliotahiriwa wana maambukizi machache ya virusi vya UKIMWI. Lakini wengi wa waliotahiriwa kule Rakai wakati ule walikuwa Waislamu, na huenda walitofautiana na wengine kwa mambo mengi, pombe ikiwa mojawapo. Utajuaje ni kutahiriwa na si hayo mengine? Watafiti wakawachukua wanaume 4,996 wa Rakai ambao hawajatahiriwa, kura ikaamua nani atahiriwe mara moja na nani asubiri miaka miwili. Kura haijui dini wala pombe ya mtu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2007, maambukizi kwa waliotahiriwa yalikuwa karibu nusu ya wenzao. Yule afande aliuliza maswali mengi siku hiyo, na Mwalimu alimjibu yote bila kuangalia saa. Mfano aliotuachia wa kwenda nao nyumbani ni nsenene, wale panzi wa kuliwa: msimu wao na msimu wa malaria hufuata mvua zilezile, basi usije ukaandika kwamba kula nsenene kunaleta homa.

Kasoro. Darasa linatangazwa saa tatu, linaanza karibu na saa nne, kila wiki. Fotokopi za mazoezi unalipia pembeni, shilingi 5,000, na hawakutuambia mwanzoni. Rigresheni, ambayo wasimamizi wengi ndiyo wanayoidai, ilipata saa moja na nusu tu. Nilimwambia Mwalimu, "Mzee, hii ingefaa Jumamosi yake." Akakubali, akasema anafikiria kuongeza ya saba. Cheti unachopewa hakina mhuri wa chuo chochote, kwa hiyo anayetafuta karatasi ya kupandishwa cheo asiende kwa sababu hiyo. Chakula hakimo, ila rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) za pale chini ni za moto na mtu anarudi darasani haraka. Kundi jipya huanza kila baada ya miezi miwili. Nenda na karatasi za mraba, penseli na data yako mwenyewe, hata kama ni chafu.

Yangu ilikuwa chafu. Jumamosi ya sita kila mtu alikaa na data yake, na Mwalimu akawa anapita meza kwa meza. Alipofika kwangu nilikuwa tayari nimeiambia kompyuta itafute korelesheni. Akasema, "Dada wa Arua, umechora?" Nikachora, umbali chini, mahudhurio pembeni. Nukta zilikuwa zinashuka kuelekea kulia, kama nilivyotegemea. Lakini kushoto kabisa kulikuwa na safu ya nukta kumi na moja zimesimama wima juu ya sifuri. Akina mama kumi na moja wanaoishi kilomita sifuri kutoka kituoni. Hakuna anayeishi ndani ya kituo. Nilitazama mpaka nikakumbuka: hojaji ambazo mama hakujua umbali, au msaidizi wangu alisahau kuuliza, kwenye kompyuta nilijaza 0 mimi mwenyewe, nisiache nafasi tupu. Hao kumi na moja walikuwa wanavuta kila hesabu niliyokuwa nimepiga, na wanavuta zile kurasa arobaini pia.

Mwalimu hakunilaumu. Alinionyesha jinsi ya kuziacha tupu ili programu ijue hazipo, kisha akasema nisizifute kabla sijajaribu kuzipata. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi za chuma, nikampigia mwenzangu wa zamu kule kituoni. Akafungua rejista, nikamsomea namba, akanisomea vijiji kimoja kimoja: huyu wa ng'ambo ya mto, huyu wa karibu na shule, huyu amehamia kwa mumewe. Umbali wa kituo hadi vijiji hivyo tunaujua wote wawili kwa miguu. Tisa tuliwapata. Wawili kijiji chao hakikuandikwa, na nafasi zao nimeziacha tupu.